Binti mkimya, CBG, chuo kikubwa au kidogo? Jibu langu kwa mleta mada

Dada mleta mada, salaam, na shikamoo kama umenizidi umri. Nimeusoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wakuu walionitangulia. Kwa anayeingia sasa hivi: binti wa dada yetu amemaliza kidato cha sita, CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), amefaulu vizuri. Miaka yote ya sekondari kalelewa na masista kwenye shule ya wasichana watupu. Ni mkimya, anapenda mambo ya lishe na mazingira. Baba zake wadogo wanasema ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), au asiende kokote. Mama anaogopa Dar itammeza, anatafuta chuo kidogo karibu na nyumbani, ambako watu wanajuana.

Wachangiaji wamegawanyika hapo hapo, wa chuo kikubwa na wa chuo kidogo. Mimi naona ukubwa wa chuo hausemi mengi. Nilisoma misitu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, nikasomesha mdogo wangu na mtoto wa dada yangu kwenye vyuo viwili visivyofanana kabisa, na siku hizi mzazi akiniomba ushauri namuuliza hivi: mtoto huyu asipoonekana siku tatu, nani atajua? Nani darasani, na nani anakolala? Chuo ambacho kina mtu wa kujua katika sehemu hizo mbili kitamfaa, hata kama kina wanafunzi maelfu kwa maelfu.

Chukua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, upo bure kwenye tovuti yao. Wazazi wengi wanaufungua kuangalia sifa tu: alama kuu mbili zenye jumla ya 4.0 kwa kiwango cha chini, halafu masharti ya programu yenyewe. Kuna safu nyingine ambayo watu wanairuka, nayo ni idadi ya nafasi kwa kila programu. Isome hiyo. Ndani ya chuo kimoja utakuta programu inayochukua mamia ya wanafunzi na nyingine inayochukua wachache tu. Binti yako hataishi na chuo kizima, ataishi na wenzake wa programu. Mwenye programu ndogo pale Mlimani anaweza kujulikana kwa jina na mhadhiri wake kabla muhula wa kwanza haujaisha, wakati mwenye programu kubwa kwenye chuo cha mkoani anamaliza miaka mitatu akiwa namba ya usajili.

Masomo ya pamoja yapo popote, hayo hayaepukiki. DS (masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano mtasoma ukumbi mzima, wengine wamesimama mlangoni. Ndiyo maana uulize kuhusu semina: wanagawanywa makundi ya watu wangapi, na nani anaziongoza.

Sasa kwa mkimya, hili ndilo nililoliona kwa macho yangu. Darasa letu la misitu lilikuwa na vijana wa aina zote, wakiwemo wawili watatu ambao muhula wa kwanza ungedhani ni mabubu. Tulipopelekwa kwenye mafunzo ya vitendo Olmotonyi, kule Arusha, mambo yakabadilika. Kazi ya kupima miti inataka watu watatu: mmoja anashika kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, anasoma kipenyo kwa sauti; wa pili anataja jina la mti; wa tatu anaandika. Ukiandika vibaya, jioni hesabu za kundi zima hazitoki. Dada mmoja kati ya wale wakimya alikuwa mwandishi ambaye hakosei. Kufikia siku ya tatu makundi yalikuwa yanamgombania, na tuliporudi Morogoro akawa ndiye mtu wa kutafutwa kwenye diskasheni. Hakuna aliyemwambia achangamke, kazi ilimpa nafasi yake.

Kwa hiyo kwa binti yako ningetazama programu zenye maabara nyingi na mazoezi ya nje. Kwa CBG na mapenzi yake, SUA wana lishe ya binadamu, sayansi na usimamizi wa mazingira, sayansi za familia na walaji, na wanyamapori. UDSM wana upande wa zoolojia, botania na uhifadhi wa wanyamapori. Linganisheni masharti ya kila moja na alama zake mkiwa na matokeo mkononi, mstari kwa mstari, maana masomo yanayotakiwa hayafanani hata ndani ya ndaki (college) moja.

Angalieni pia kampasi. Mtu anasema "nimepata SUA" akidhani ni chini ya Uluguru, kumbe programu yake iko Mazimbu, Kampasi ya Solomon Mahlangu, upande mwingine wa mji. Pale ndipo ilipokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini kabla ya kukabidhiwa mwaka 1992. Pametulia na pana nafasi, lakini ni maisha tofauti na kampasi kuu. Na SUA wana kampasi ya Mizengo Pinda huko Katavi, hiyo ni safari nyingine kabisa. Mzumbe nao wana Mbeya na Dar mbali na pale Mzumbe penyewe. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tangu ilipoanza 2007 imejengwa kwa kutawanyika, kila ndaki na eneo lake, na ukienda kutembelea rafiki wa ndaki nyingine unapanda gari. Kwa wanaosoma ualimu, DUCE iko Chang'ombe na MUCE iko Iringa, zote ni vyuo vishiriki vya UDSM, na digrii inayotolewa ni ya UDSM. Wakuu wanaotaka jina la Mlimani bila msongamano wa Mlimani hawaoni kabisa mlango huo.

Mahali pa kulala pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mdogo wangu alipata ualimu kwenye chuo kikubwa, sitakitaja. Hakupata kitanda hosteli, akapanga geto na mtu asiyemjua, daladala mbili mpaka chuoni. Semina za saa moja asubuhi zikaanza kumpita. Ni kijana wa adabu, hanywi, hazururi. Alikuwa tu anachelewa, anaona aibu kuingia, anarudi geto. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua kama yupo. Sisi nyumbani tulijua matokeo yalipotoka na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Ndugu wakasema ahamishwe, chuo hakimfai. Alikataa. Mwaka wa pili alipata kitanda ndani, akajiunga na kwaya ya TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, na wanakwaya wenzake wanne walikuwa wa kozi yake. Asiporudi mazoezini Jumatano, watu wanampigia. Chuo kile kile, wahadhiri wale wale, na alimaliza na GPA nzuri, sasa anafundisha Tabora.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kuuliza chuo kina sifa gani, uliza mwaka wa kwanza wa kike wanapewa kipaumbele gani cha vyumba, maombi ya hosteli yanafunguliwa lini, na wanaokosa wanalala wapi. Akikosa kitanda, atafutiwe chumba pa kutembea kwa miguu mpaka darasani, hata kama ni kidogo na bei imezidi kidogo. Na aingie kwenye kundi lake la imani mapema, liwe TMCS, USCF, CASFETA au TAMSYA. Kwa mtoto aliyetoka kwa masista hapo ndipo atakapopata watu wa kwanza wanaomsalimia kwa jina, na kaka na dada wa mwaka wa tatu wanaojua ofisi ipi inashughulikia nini.

Chuo kidogo nacho kina yake. Mtoto wa dada yangu alikwenda chuo kidogo cha binafsi, karibu na nyumbani, kwa hoja hiyo hiyo yako. Watu walijuana kweli. Lakini mhadhiri mmoja alikuwa anabeba masomo matatu, wengine wakija wikiendi tu kutoka mjini, na maktaba ilikuwa chumba kimoja. Alipogombana na mwenzake wa chumba mwaka wa kwanza, darasa zima lilikuwa watu wale wale, hakuwa na kwingine pa kwenda kupumzisha kichwa. Alikaa kwa uvumilivu mpaka mwisho. Vipo vyuo vidogo vizuri sana, nami nawaheshimu wanaovisimamia, ila uliza wahadhiri wa kudumu wa idara hiyo ni wangapi, na hakikisha programu yenyewe imo kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka huu, si wa mwaka juzi.

Wa kuwauliza ni wanafunzi wa mwaka wa pili wa programu hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza bado wanashangaa majengo, na sisi tuliomaliza tunakumbuka mazuri tu. Kwenye shule ya binti yako hakosi dada aliyemtangulia. Ampigie mwenyewe, wewe usimshikie simu. Amuulize ni wangapi waliopata sapu muhula uliopita na kwenye somo gani, mhadhiri gani anapokea wanafunzi ofisini, na jioni wanasomea wapi. Mlimani watakuambia vimbweta, yale mabenchi na meza za nje za kusomea, na ukienda saa mbili usiku utavikuta vimejaa watu na madaftari. Kwa mtoto anayeogopa kunyoosha mkono ukumbini, kimbweta chenye watu watano ndipo anapojifunza kusema. Kama mna ndugu Morogoro au Dar, aende akae siku mbili, aingie kwenye mgahawa wa chuo mchana, aone kama anaweza kujiona pale. Aende pia Mlimani, hata kama wewe unapaogopa. Baba zake wadogo wana haki ya kusikilizwa kwa hilo, wanakosea tu kuishia kwenye jina.

Kuhusu mkopo, maombi ya HESLB (Bodi ya Mikopo) ni kazi tofauti na maombi ya chuo, na cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Lishughulikieni hilo mapema, foleni ya mwisho inaumiza watu.

Maombi yenyewe mnatuma moja kwa moja kwenye kila chuo, utaratibu ulioanza mwaka wa masomo 2017/2018, kwa hiyo anaweza kuomba SUA, UDSM na hicho cha karibu na nyumbani kwa pamoja. Akichaguliwa zaidi ya kimoja atatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Namba ya simu anayojaza iwe yake mwenyewe, laini iko hewani, isiwe ya kijana wa stesheneri aliyemsaidia kujaza fomu.