Mvinyo mkavu na mvinyo wenye ukakasi si kitu kimoja

Swali: Ninasimamia baa ya hoteli ndogo hapa Dodoma, na nimeagizwa nichague mvinyo mwekundu wa aina mbili utakaouzwa kwa glasi. Chupa zote nilizoletewa zimeandikwa kuwa ni mvinyo mkavu, lakini baadhi hunikausha mdomo hadi ulimi ukagoma, na nyingine hazinikaushi hata kidogo. Je, hizo zisizokausha si kavu kweli, au ni mimi nisiyejua kuonja? Na ulio bora nitautambuaje?

Jibu: Ulimi wako hauna kosa, lililokupotosha ni neno. Mvinyo huitwa mkavu kwa sababu hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, neno hilo huruhusiwa pale sukari iliyobaki isipozidi gramu 4 kwa lita, ingawa kiwango kinaweza kufika gramu 9 iwapo asidi nayo ni nyingi. Ukavu wa lebo, basi, ni habari ya sukari tu.

Kinachokukausha mdomo ni tanini, ambayo hutoka katika maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na wakati mwingine katika mbao za pipa. Tanini hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na ulimi ukaanza kukwaruza kwenye fizi. Kwa hali hiyo Kiswahili kina neno lake zuri, ukakasi, ambalo kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo analielewa bila kufafanuliwa. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, ilhali zabibu za mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza. Ndiyo maana mvinyo mweupe unaweza kuwa mkavu kabisa bila ukakasi wowote.

Hisia ya tatu ni ugwadu, yaani asidi, ile inayofanana na ya ukwaju au embe bichi. Ukakasi hukausha, lakini ugwadu huleta mate: meza funda moja, inamisha kichwa kidogo, usubiri; mate yakichuruzika kutoka pande zote mbili za mdomo, asidi ni ya kutosha. Kwa Dodoma jambo hili ni la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa zabibu zinazoivia kwenye joto hupoteza asidi haraka, na mvinyo uliopungukiwa ugwadu huwa mzito na wenye kuchosha kabla glasi haijaisha.

Kabla hujafungua chupa nyingine, fanya zoezi la jikoni. Andaa chai ya rangi iliyokolea sana, isiyo na sukari na iliyopoa. Maji yenye limau. Na maji yenye sukari. Onja kimoja kimoja, utambue ukakasi, ugwadu na utamu kwa mfuatano huo, kisha changanya maji ya limau na ya sukari kidogo kidogo. Utaona jinsi utamu unavyouficha ugwadu bila kuuondoa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, wakidhani mvinyo mtamu ni mlaini kwa ubora wake. Mimi huwapa zoezi hili hata watu waliokaa kaunta miaka mingi.

Ukirudi kwenye mvinyo, mimina usizidi theluthi moja ya glasi na uinamishe juu ya karatasi nyeupe. Mwekundu unaoelekea rangi ya tofali umekomaa, au umezeeka kabla ya wakati wake. Michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi usiihesabie alama, maana husababishwa hasa na kileo kinachovukiza. Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia, kisha izungushe unuse tena. Harufu ya boksi lililolowa ni dalili ya kizibo kilichoharibika, na harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni dalili ya bakteria. Chupa za namna hiyo mrudishie muuzaji. Halafu chukua funda dogo, livute pamoja na hewa kidogo, na ulitembeze mdomoni kote, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Kisha tema. Asiyetema huwa hana hukumu ya kuaminika ifikapo chupa ya tano.

Ubora, kwa kipimo changu, hauko katika wingi wa kitu kimoja. Ninatafuta mvinyo ambao ukakasi, ugwadu na joto la kileo havisukumani, na ambao harufu yake ya matunda bado ipo mdomoni sekunde kumi baada ya kutema. Harufu hiyo ikitoweka papo hapo, bei ya mvinyo huo iwe ndogo.

Funika lebo unapolinganisha, na anza na wenye ukakasi mdogo, kwani tanini hurundikana mdomoni na kuuonea unaofuata. Zingatia pia kwamba ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka Ulaya, kwenye vyumba vyenye nyuzi kama 18. Chupa iliyoshinda kaunta kwenye nyuzi 30 itanuka kileo kuliko tunda. Iweke kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kuionja, na umwagize mhudumu afanye vivyo hivyo kwa mteja.