Re: Mabaharia wapya kwenye gemu, wanaiva baada ya muda gani?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye gemu yako ya kuigiza mezani wachezaji wako wameajiri watu 40 wa meli bandarini, karibu wote hawajui bahari, na kitabu cha kanuni hakisemi unawafundishaje. Meza yetu hapa Area C Dodoma hakuna aliyekulia pwani, tulikwama hapohapo.

Cha kwanza angalia zamu, usiangalie jumla. Meli inatembea usiku na mchana, kwahiyo gawa watu mara mbili, masaa manne manne, halafu jiulize hiyo nusu peke yake inaweza kupunguza tanga dhoruba ikija? Kama haiwezi, ongeza watu kabla ya kung'oa nanga.

Mafunzo sasa. Kuvuta kamba, kufua maji ya ngama (yale yanayojikusanya chini ndani ya meli) na kusugua sitaha mgeni anashika ndani ya wiki chache tu, ila kupanda mlingotini kukunja tanga upepo ukivuma hapana, kwenye meli za kivita za Uingereza karne ya 18 baharia kamili alihesabiwa baada ya miaka kama miwili. Mimi nachanganya wageni watatu na mzoefu mmoja, na serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, nampa jina na tabia kabisa kwasababu yeye ndio mwalimu, akifa mafunzo yanasimama, wachezaji wanamlinda balaa.

Kuajiri fuata upepo, kama pwani yetu kaskazi inavyoleta majahazi toka Uarabuni na kusi kuyarudisha. Msimu ukigeuka wazoefu wote wameshapata chombo, aliyechelewa alipe zaidi au achukue wachunga mbuzi.