Binti yangu anakuja Maskati: nimpokee, au nimpe masharti kwanza?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mzee mzaliwa wa Unguja. Nimefanya kazi Uingereza mpaka nikastaafu, na sasa naishi Maskati na mke wangu wa pili, mwenyeji wa hapa, pamoja na mwanawe wa kiume wa miaka 24. Binti yangu wa ndoa ya kwanza ana miaka 36, ameachika, anakaa na kufanya kazi London. Mama yake ameshatangulia mbele ya haki. Anataka kuja kukaa kwetu wiki tatu, kumi la mwisho la Ramadhani likiwemo, na Idi. Havai hijabu, na sala yake ni ya kuruka ruka. Mwenzetu anayetoa darasa msikitini kaniambia nikimpokea bila masharti mimi ni dayuthi (mwanamume asiyeona wivu juu ya watu wake), kwamba ni wajibu nimsuse mpaka atubie au akae hotelini, na tena atasafiri bila maharimu (mwanamume wa karibu asiyeweza kumuoa). Mke wangu naye anasema mgeni siku tatu, na pensheni haitoshi. Binti ameniuliza aje lini, sijamjibu. Akinipigia naiacha simu ilie. Nifanye nini? Na akija, atapunguza sala?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mzee wangu, swali lako nimelitanguliza mbele ya mengine kwa sababu ya hiyo simu. Mpigie binti yako umwambie karibu, kisha ndiyo urudi kusoma yanayofuata.

Uwajibu wa sala na hijabu haubishaniwi baina yangu na wewe, wala na huyo ndugu wa darasa. Tunachotofautiana naye ni hiki: je, dini inamwamrisha baba kumfungia mlango mwanawe Mwislamu kwa sababu ya dhambi?

Amekutisha kwa neno dayuthi. Hadithi ipo, wameipokea Nasai na Ahmad kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), kwamba dayuthi ni katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama siku ya Kiyama. Katika riwaya ya Ahmad ameelezwa kuwa ni yule anayeridhia uchafu kwa watu wake, na wanazuoni wamesema uchafu huo ni zinaa na yanayopeleka huko. Sasa mzee anayekesha akimuombea mwanawe, na moyo unamuuma kwa kila sala inayompita, ameridhia nini? Kisha huyo ndugu ajue kwamba neno lake halikuishia kwako. Ukimwita baba wa mtu dayuthi umemgusa na binti, umemtia mwanamke wa Kiislamu katika tuhuma nzito ambayo huna hata shahidi mmoja. Hilo ndilo la kutubia kabla ya kukaa tena mbele ya watu kufundisha.

Ama kususa, wanaolihimiza hutegemea kisa cha Ka'b bin Malik na wenzake wawili waliobaki nyuma katika vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, wakasuswa siku 50. Wakisome chote. Aliyeamrisha ni Mtume (S.A.W.), mji mzima ukatii, na waliosuswa walikuwa Madina hiyo hiyo, msikiti wanauona na tamaa yao yote ni kurudi. Na hata hivyo, katikati ya siku zile Ka'b aliletewa barua na mfalme wa Ghassan, dola ya Kikristo upande wa Sham, akimwambia: tumesikia bwana wako amekutupa, njoo kwetu. Ka'b aliitia barua ile tanuruni, kwa sababu ni Ka'b. Binti yako yuko London peke yake, ameachika, mama hana. Akiambiwa leo kuwa hata baba hamtaki, barua za namna ile zitamjia ngapi, na nani wa kumsaidia kuzichoma? Kususa ni dawa, na mwanazuoni Ibn Taymiyya, ambaye ndugu hawa hupenda kumtaja, ameeleza wazi kwamba kukiwa hakuleti manufaa bali kunazidisha shari, basi hakukuwekwa katika sheria. Kumsusa mtu aliye maili elfu kadhaa na wewe, ambaye uzi pekee uliobaki baina yake na watu wa kibla ni wewe, hakumrudishi msikitini.

Akikwambia, "Basi mpe sharti tu, avae kwanza ndipo aje," mkumbushe Bi Asma binti Abubakar (R.A.). Mama yake, Qutayla, alikuja Madina kumtembelea akiwa bado mshirikina, wakati wa mkataba na Makuraishi. Asma akamuuliza Mtume (S.A.W.), "Nimuunge mama yangu?" Akamwambia, "Naam, muunge mama yako." Hii imo katika Bukhari na Muslim. Na katika riwaya ya Imam Ahmad, Asma mwanzo alikataa zawadi za mama yake na akakataa kumuingiza nyumbani, mpaka alipoamrishwa azipokee na amuingize. Huyo ni mshirikina, na hakuambiwa asilimu mlangoni. Wako ni Mwislamu, ameomba mwenyewe kuja kukaa na babake katika siku tukufu za Ramadhani, kisha tumuulize nguo?

Na hilo la hoteli limenishangaza zaidi. Mtu anasema ana wivu na heshima ya binti, halafu anataka alale hotelini peke yake ilhali nyumba ya baba yake imo mji ule ule.

Mtume (S.A.W.) alikuwa na binti mtu mzima, mwenye nyumba yake na mume wake. Bi Aisha (R.A.) anasimulia, katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Fatma alipoingia kwake alikuwa akiinuka kumlaki, akambusu, akamkalisha mahali pake alipokuwa amekaa. Mzee wangu, nenda uwanja wa ndege mwenyewe. Usimtume dereva.

Mke wako usimpuuze, kwani ana haki pale ambapo huenda huioni. Hadithi ya ugeni siku tatu inamhusu mgeni wa kweli. Mtoto si mgeni kwa babake, na Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba za baba zenu miongoni mwa nyumba tunazokula bila ya lawama (Annur, aya ya 61). Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi, mke halazimiki kumpikia wala kumtumikia binti yako, na ana haki ya makazi ambayo jamaa za mume hawambani humo. Zungumza naye kabla, si siku binti anashusha masanduku. Mwambie kazi za jikoni zitagawanywa, na ushike nawe. Ama pensheni, hulazimiki kumlisha binti mzima mwenye mshahara. Unachomlisha ni wema na kuunga udugu. Mwambie hali ilivyo bila haya. Akienda soko la samaki la Mutrah akarudi na nguru wa futari, hujavunjika heshima yako.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo huyo ndugu wa darasa hakukuuliza, nalo ndilo lenye hukumu nzito katika barua yako yote. Kijana wa mke wako si maharimu wa binti yako. Hawana baba mmoja wala mama mmoja, na hata wakiitana kaka na dada, kwa sheria wanaweza kuoana. Kwa hiyo haijuzu wawili hao kubaki peke yao ndani ya nyumba, iwe wewe uko tarawehe na mke wako yuko kwa jamaa zake, au vyovyote. Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke isipokuwa akiwepo maharimu. Panga mapema: kijana alale kwa mjomba wake wiki hizo tatu, au awe na mlango na choo chake, na zamu zenu za kutoka zijulikane. Mwambie binti kwenye simu kwamba kuna kijana nyumbani asiye maharimu wake, ili aje na mtandio na nguo za kujisitiri mbele yake. Hapo utakuwa umemtajia sitara kwa sababu anayoiona, bila ya kumvunja moyo.

Akishafika, usiigeuze ziara kuwa mahakama. Bisha hodi chumbani kwake, ni mtu mzima. Usimuulize kila alasiri kama amefunga, wanawake wana nyudhuru zao. Mwamshe daku kama unavyowaamsha wengine. Ukitoka kwenda kusali mwambie, "Mimi naenda, twende," na asipokwenda usirudi na uso uliokunjwa. Aya inasema uwaamrishe watu wako sala na uisubirie (Taha, 132), na kusubiri huko umeamrishwa wewe. Mtajie mama yake, usimwachie mke wa pili aufunge mlango huo, muombeeni pamoja. Na kama hujawahi kumuuliza nini kilichovunja ndoa yake, muulize, umsikilize mpaka amalize.

Kusafiri bila maharimu kuna hadithi sahihi inayokataza, na wako wanazuoni, wa Kishafi wakiwemo, waliotazama usalama wa njia na wenzake wa kuaminika wakaruhusu. Akiwepo kaka wa kufuatana naye ni bora. Asipokuwepo, si sababu ya kumzuia asimuone babake.

Sala: akiwa njiani atakusanya na kupunguza (sala ya rakaa nne aisali mbili). Akifika Maskati na nia yake ni kukaa siku nne kamili au zaidi, siku ya kuingia na ya kutoka hazihesabiwi, basi kwa Shafi atasali kamili na atafunga tangu anapofika. Utawaona jirani zako Maibadhi wakipunguza muda wote maadamu msafiri hajaifanya nchi kuwa watani yake, yaani makazi yake ya kudumu. Ni madhehebu yao na wana dalili zao, usigombane nao wala naye akiwafuata. Siku ya safari, akitoka mjini kwake kabla ya alfajiri anaweza kula na atailipa. Akiondoka baada ya alfajiri naye amefunga, aimalize, ila akishindwa.

Wallahu aalam.