Kwa mnaoanza uzamili wa afya ya kidijitali mkiwa Lamu

Wadogo zangu, wengi wenu mnaingia darasani na picha ya daktari kwenye skrini, mgonjwa upande wa pili, wanaongea. Iwekeni kando kwanza. Kwa visiwa vyetu, tiba mtandao inayofaa mara nyingi haihitaji video hata kidogo. Ni ya kutuma na kusubiri: nesi wa zahanati anapiga picha ya kidonda, anaandika maelezo mafupi, anatuma, na daktari wa ngozi anajibu akishamaliza raundi ya wodini. Mtandao ukipotea, ujumbe hungoja kwenye simu mpaka urudi. Video ikikatika katikati ya mazungumzo, mmeanza upya. Mkiachiwa kuchagua mada ya tasnifu, mimi ningewasukuma huku.

Wala msiione nyepesi. Nendeni mkakae na nesi siku nzima mtazame. Chumba kina giza, basi humsogeza mgonjwa mlangoni penye mwanga. Picha ya kwanza ni ya mbali kidogo, ionyeshe kidonda kiko wapi mguuni. Ya pili ya karibu, na rula pembeni, maana bila rula daktari hajui anatazama sentimita moja au tano. Uso usionekane, jina lisiingie. Akishatuma, ile picha inakaa wapi? Kwenye simu yake mwenyewe, kati ya picha za harusi ya binamu yake, na wanawe wanaichezea simu hiyo jioni. Swali hilo moja linatosha sura nzima ya tasnifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na kuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Zisomeni zenyewe, msitegemee slaidi za mwalimu.

Kuhusu programu: jifunzeni DHIS2, mfumo wa kukusanya na kuchambua takwimu za afya, mapema, hata kabla hamjafundishwa. Inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, haiuzwi, na Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011, kwa hivyo takwimu za zahanati mnazozijua zimo humo. FHIR, yaani kanuni za mifumo kupashana habari, itawatisha wiki za mwanzo kisha itazoeleka. Somo la takwimu nalo halina njia ya mkato.

Jambo ambalo mwalimu wa mbali hatawaambia ni bahari. Mfumo wa rufaa utaonyesha kwamba mgonjwa wa Faza, kisiwani Pate, aliandikiwa rufaa asubuhi, akafika hospitali ya Lamu alasiri. Mtafiti asiyepajua ataandika kwamba wahudumu walizembea, au familia ilisitasita. Wewe unaujua mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara: maji yakiwa yametoka, boti kubwa hungoja yajae. Unajua pia kusi likivuma sawasawa, nahodha mwenye akili hazungukii nje ya Manda na mgonjwa ndani. Basi kwenye jedwali lenu ongezeni safu ya kujaa na kupwa kwa maji, na nyingine ya msimu wa upepo. Msimamizi akiuliza ni ya nini, mwelezeni kwa utulivu, nahisi atafurahi. Bila safu hizo mtakuja kupendekeza programu ya simu ya kutatua tatizo ambalo ni la maji.

Vibali navyo vina foleni yake. Kibali cha kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha barua ya kaunti: anzeni pindi pendekezo likipita, msisubiri mpaka mtayarishe kila kitu. Fomu ya ridhaa itungeni kwa maneno ambayo bibi wa Kizingitini atayafuata mkimsomea, kwa sababu mtamsomea kweli. Barua ya kaunti ipelekeni kwa mkono, na msiondoke ofisini bila nakala iliyogongwa muhuri.