Maswali ya Wasomaji: Safari ya Ziwa Ngosi kwa Watu wa Kusini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Kijana wetu anayesoma Mbeya alituonyesha picha ya Ziwa Ngosi, lile lililo juu ya mlima huko Rungwe, na mimi na mama watoto tumenuia kwenda kulitazama. Tumepanga kuondoka mwezi Desemba, malipo ya mnada yakishaingia. Je, wakati huo unafaa, na tupite njia ipi?

JIBU: Ndugu yangu wa Newala, nakusihi uubadili mwezi. Desemba mvua za nyanda za juu huwa zimeshaanza, na njia ya kupandia Ngosi, ambayo ni ya udongo ndani ya msitu mzito, huwa tope tupu. Licha ya kuteleza, mnaweza kufika juu mkakuta ukungu umelifunika ziwa lote, mkageuka bila kuona hata tone la maji. Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba ndio wakati ninaokushauri: milima ni mikavu, kazi ya kupuliza dawa mikorosho inaelekea ukingoni, na kuokota bado hakujaanza. Najua ilivyo vigumu kuitunza fedha ya korosho kwa miezi minane, maana mahitaji ya shule ya Januari huimeza kwanza. Hata hivyo, nauli ikitengwa siku ileile chama cha msingi cha ushirika kinapolipa, safari itawezekana.

Kuhusu njia, huna sababu ya kuzunguka Dar es Salaam. Shukeni Masasi, mshike barabara ya lami ya Tunduru hadi Songea, mlale hapo, kisha kesho yake muendelee kwa Njombe na Makambako hadi Mbeya. Safari yote ni kama kilomita 1,000, kwa hiyo msijaribu kuimaliza kwa siku moja. Mkipata nusu siku Songea, ingieni Makumbusho ya Majimaji, kwani vita vile vya 1905 hadi 1907 vilianzia huku kwetu kusini, katika milima ya Wamatumbi.

Mbeya mtapanda gari la Tukuyu na kushuka Isongole. Kutoka hapo bodaboda huwafikisha chini ya msitu, ambao ni wa hifadhi. Lipeni kiingilio, mdai stakabadhi, na mchukue mwongozaji mwenyeji. Anzeni kupanda asubuhi na mapema. Kupanda huchukua saa moja hadi mbili kwa mtu mwenye mwendo wa kawaida, mkipita kwenye mianzi na migomba mwitu, na mkitulia mnaweza kuwaona mbega juu ya miti.

Wewe mtu wa Newala umewahi kusimama pale Shimo la Mungu, ardhi ikakatika ghafla miguuni pako na bonde la Ruvuma likatandazwa chini. Ukingo wa Ngosi hukupa mshtuko wa namna hiyohiyo, ila chini yake, takriban mita 200, kuna maji ya kijani yaliyotulia, yenye urefu wa kilomita 2.5 hivi, yamezungukwa na kuta za msitu pande zote. Mimi nilikulia Uwanda wa Makonde, ambako mchanga hunywa mvua yote na mama zetu waliteremka mabondeni kufuata ndoo moja, na nakiri kwamba niliposimama pale nilishindwa kusema kwa muda. Sikuwahi kufikiri kuwa maji mengi kiasi kile yanaweza kukaa juu ya mlima.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwalimu Nachingwea. Ningependa kumpeleka mama yangu mwenye miaka 62 huko Ngosi, lakini magoti humsumbua na hajawahi kukaa kwenye baridi. Je, ataweza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpandishe mama mwenye magoti mabovu. Kupanda anaweza kujikaza. Kushuka ndiko kutakakomuumiza, kwa kuwa sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali wa kushika mizizi. Mpeleke badala yake Daraja la Mungu, daraja la mwamba lililojijenga lenyewe juu ya mto Kiwira katika wilaya hiyohiyo ya Rungwe, ambako hatatembea sana.

Baridi isikutishe, ila uiandalie. Ukingo wa Ngosi uko zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na hata usiku wa miji ya chini yake ni baridi kuliko tulivyozoea huku. Sweta zito, soksi na koti la mvua ni lazima. Kitenge cha kujifunika peke yake hakitoshi. Mimi nilikwenda na shati jepesi, nikatetemeka hadi niliporudi Isongole.

SWALI: Mhariri, nimesikia kuwa Ziwa Ngosi lina joka na kwamba rangi ya maji hubadilika. Je, ni kweli, na mtu anaweza kuoga? Msomaji, Lindi mjini.

JIBU: Wenyeji wana masimulizi ya kiumbe anayelilinda ziwa, na ninakuomba uyasikilize kwa heshima, kama tunavyotaka mgeni ayaheshimu ya kwetu. Asili ya ziwa lenyewe ni volkano: kilele cha mlima kilibomoka, likabaki shimo kubwa lililojaa maji. Volkano hiyo ililipuka yapata karne ya 15, jambo ambalo kwa miamba ni kama jana. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji yake yana chumvichumvi, na gesi ya kabonidioksidi huyaingia kutoka chini. Rangi hubadilika machoni kadiri mawingu na jua vinavyobadilika.

Kuoga, hapana. Kuta ni za kuporomoka, kina kinapita mita 70, na mtu akizidiwa mle chini hakuna wa kumpandisha haraka. Wanaoshuka hadi majini hushuka kwa kushikilia mizizi, na mwongozaji akikataa kukushusha kwa sababu ya unyevu, usimbembeleze wala usimwongezee fedha.