Jibu: Mfumo wa SACCOS, twende hatua kwa hatua au kwa mizunguko?

Mleta uzi, simama hapo hapo. Eti utakusanya mahitaji yote, meneja asaini, ujifungie kutengeneza programu yao ya kompyuta, halafu uwaonyeshe mfumo mwishoni? Hiyo ndiyo hatua kwa hatua yako. Mimi nilifanya hivyohivyo, tena nikiwa nimevaa tai.

Andiko langu la mahitaji lilisainiwa kila ukurasa. Lilisema mwanachama mmoja, mkopo mmoja. Nikajenga kanzidata nzima, yaani ghala la taarifa za mfumo, juu ya sentensi hiyo: riba, makato, wadhamini, ripoti. Siku ya mafunzo, dada wa dirisha la mikopo akafungua kaunta buku lake: "Kaka, huyu ana mkopo wa maendeleo na leo kaja kuchukua wa dharura. Namwingiza wapi?" Nikabofya huku na huku. Hapakuwa na pa kumwingiza. Na mdhamini ambaye akiba yake imeshikiliwa kwa mikopo ya watu wawili? Naye hana pa kukaa. Meneja hakudanganya, ila hajawahi kukaa dirishani. Kurekebisha skrini ni kazi ya jioni moja. Kuvunja msingi wa kanzidata wakati salio za wanachama zimeshahamishwa ni kuanza upya, na malipo yangu makubwa yalisubiri "mfumo ukamilike". Vijana wangu niliwalipa kwa mkopo. Ndiyo, wa SACCOS. Chekeni.

Kinachoniuma ni yule mshauri mwenye vyeti ukuta mzima aliyenichorea ngazi za mwaka 1970 za mtaalamu wa programu Winston Royce, umalize hatua moja ndipo ushuke nyingine, akasema ndiyo njia ya kitaalamu. Kumbe Royce, katika makala hiyohiyo, anaonya kwamba kwenda hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa, anashauri kazi ifanywe mara mbili na mteja ahusishwe mapema. Jamaa aliangalia picha, maneno akayaruka!

Mizunguko, yaani kujenga kipande, kuwaonyesha, kurekebisha, kisha kipande kingine, nayo ina balaa lake: bei moja bila mpaka wa kazi, utaongezewa vipengele mpaka uzeeke. Lakini hilo linatibika.

Scrum, utaratibu maarufu wa kazi ya mizunguko, hairuhusu mzunguko kuzidi mwezi. Wewe usipitishe wiki mbili bila karani, nasema karani, kushika kipanya mwenyewe na kuingiza mkopo wa kweli huku wewe umefunga mdomo. Kama hamjasaini mkataba, andika leo: malipo yafuate sehemu ambazo karani ameshazitumia, si kurasa zilizosainiwa. Wakikataa, waachie kazi wenye pesa za kupoteza.