Nyuzi za Caudron zinalegea, bawa la juu limepinda

SWALI: Fundi shikamoo. Natengeneza modeli ya Caudron G.3, skeli 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe), ile ndege ya Kifaransa ambayo Waingereza waliileta Mafia 1915 kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg kule Rufiji. Nyaya nimefunga kwa mshipi wa kuvulia wa milimita 0.25. Kushoto zilikaza vizuri ila nilipohamia kulia bawa la juu likavutwa likapinda, na zile za kushoto zikalegea zote. Halafu supa glu imeacha ukungu mweupe kila kona. Nianze upya? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianze upya, kata nyuzi tu, bawa litarudi taratibu.

Shida yako ni kwamba umeziachia nyuzi kazi ya kubeba bawa. Kwenye ndege yenyewe ndivyo ilivyokuwa, mbao na kitambaa vinashikwa na waya, lakini kwenye modeli bawa lisimame lenyewe kwanza. Gundisha nguzo zote, liegemeze kwenye vipande vya boksi gumu vilivyokatwa sawasawa, liache usiku kucha, kesho ukiligusa kwa kidole lisitikisike ndo ushike uzi. Na usimalize upande mmoja, funga mmoja kushoto mmoja kulia, anza karibu na chumba cha rubani ukienda nje, maana ukianza nje vidole vitapita wapi?

Huo mshipi nao mnene mno. 0.25 ukizidisha mara 48 unapata milimita 12, hiyo ni nondo ya kujengea nyumba sio waya wa ndege! Tafuta wa 0.08 au 0.1. Toboa tundu dogo, ingiza ncha, gundisha upande mmoja usubiri ushike kabisa, ndo uvute wa pili kidogo tu, usikaze kama gitaa. Ukilegea washa udi wa kijiti, uzime moto libaki kaa, pitisha karibu na uzi bila kugusa, utauona unajivuta wenyewe mpaka unanyooka. Ukigusa umekatika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Ukungu ni mvuke wa supa glu, na unyevu wa Tanga unauzidisha. Chovya ncha ya pini, tone dogo kuliko punje ya mtama, dirisha wazi, au tumia gundi nyeupe ya mbao, inachelewa kukauka ila haiachi alama. Kusema kweli gundi na joto la pwani yetu ni ugomvi wa zamani, kabla ya Caudron na ndege za Henri Farman, Waingereza walileta Mafia ndege za Sopwith za kutua majini, joto likayeyusha gundi, ndege zikawa hazifai kwa kazi ile.

Kitu kimoja nakuomba usikiruke. Picha nyingi za Caudron ukiziangalia bawani huoni eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoinamisha ndege kushoto au kulia, rubani alikuwa anapinda bawa lenyewe kwa kuvuta waya, kwa hiyo nyaya za ukingo wa nyuma ni za usukani. Hizo zifunge mwisho kabisa, baada ya rangi na baada ya mkia kukaa sawa, na tumia uzi mwembamba kuliko zote ulionao.